Niliziba ufa, nikajenga ukuta

Kwenye ukuta wa chumba cha nyuma, chini ya kona ya dirisha, kuna vistari vitatu vya penseli, na kila kimoja kina tarehe pembeni. Nilivichora mwenyewe, kila mwisho wa mwezi, pale ncha ya ufa ilipofikia. Mgeni mmoja alidhani napima urefu wa mtoto anayekua. Sikumsahihisha. Ufa nao ulikuwa unakua.

Nyumba ni ya baba. Imekaa ubavuni mwa mteremko: mbele iko sawa na njia, nyuma kuna uwanja mwembamba wa hatua tatu hivi, halafu ardhi inakatika. Pale inapokatika baba alipanga ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, kimo cha mita 1.8 na urefu wa mita 9, jiwe juu ya jiwe, bila saruji hata chembe. Ulikuwa umeinamia mlimani kidogo, kama mtu anayesukuma mlango. Kila mvua ikinyesha, maji yalichuruzika katikati ya mawe siku mbili tatu, na kuvu la kijani likatanda. Nilikuwa naona aibu. Nilipoanza kuitunza nyumba mimi, kitu cha kwanza kujivunia kilikuwa kumwita mtu azibe kila upenyo kwa saruji, apige lipu, apake rangi nyeupe. Baba alikuwa bado hai. Alikuja, akatazama, akasema, "Umependeza," akarudi ndani. Nimelifikiria sana neno hilo mwaka huu.

Wote tumelelewa na ile methali ya usipoziba ufa. Mimi niliziba. Miaka mitatu baadaye ukuta ukaota tumbo katikati, lipu ikajaa nyufa kama kiganja cha mkono, sakafu ya uwanja ikainamia upande wa nyumba, na chumba cha nyuma kikapata ule ufa wa mshazari unaoanzia kona ya dirisha.

Fundi wa kwanza niliyemwita alitazama dakika tano. Alisema mawe ya wazee hayana nguvu, atanimwagia zege nene la sentimita 40, zito, lisilo na tundu, halitatikisika. Nilikubali moyoni kabla hajamaliza sentensi. Nilitaka kuambiwa hivyo hivyo: kwamba kosa ni la mawe, na mawe ni ya zamani.

Wa pili alikuwa mzee, wa maneno machache, akaja siku moja baada ya mvua kubwa. Aligonga lipu kwa mpini wa nyundo, akisikiliza, hadi sauti ikabadilika. Akachukua kipande cha nondo na nyundo, akatoboa karibu na chini. Maji yakatoka. Yakaendelea kutoka. Tukakaa pale robo saa, kijito cha udongo mwekundu kikiteremka na maji kwenye rangi yangu nyeupe, na yalikuwa hayajapungua.

"Dada," akasema, "huu ukuta haukuwa mbovu. Umebanwa haja ndogo, na mlango mmefunga nyinyi."

Nilicheka, kisha nikaacha kucheka.

Usiku ule nilikaa na karatasi. Maji yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 1.8 usio na pa kutokea, yanasukuma sehemu ya chini kabisa kwa uzito wa tani 1.8 kwa kila mita ya mraba. Hayo ni maji peke yake, udongo haujahesabiwa. Udongo mkavu wa kawaida una adabu: chembe zake zinashikana na kujibeba zenyewe, kwa hiyo usawa huo huo unasukuma kama theluthi ya uzito wake tu. Maji hayashikani na chochote. Na maji yenyewe yalitoka wapi? Bomba la paa. Nusu ya paa letu ni mita za mraba 60, na mvua ya milimita 30 juu yake ni lita 1,800. Zote hizo zilikuwa zikimwagwa kwenye kona ya uwanja, hatua mbili kutoka ukutani. Ilikuwa hivyo tangu enzi za baba, lakini ukuta wake ulikuwa unavuja. Ule uvujaji niliouonea aibu ndio uliokuwa kazi yake.

Kuuokoa haikuwezekana tena, tumbo lilikuwa limeshafika hatari na mawe ya chini yamehama. Mhandisi alikuja, akapima, akachora ukuta mpya wa zege wenye umbo la herufi L. Mimi nilidhani guu la hiyo L litatokeza nje, upande wa bondeni, kama mtu anayejikinga asianguke. La. Guu linaingia ndani, chini ya udongo, mita 1.2. Udongo ule ule unaotaka kuuangusha ukuta unaukalia guuni na kuushikilia. Nilimwomba anieleze mara mbili kwa sababu nilipenda tu kuisikia. Na nondo kubwa zinakaa upande wa udongo, si upande tunaouona, kwa kuwa huko ndiko zege linakovutwa. Zege ukilibana halina neno, ukilivuta linakatika. (Inasemwa kila mara, lakini bado inanifurahisha: mmoja wa waliotangulia kuchanganya saruji na chuma alikuwa mtunza bustani wa Kifaransa, Joseph Monier, aliyepata hataza yake mwaka 1867. Alikuwa anatengeneza vyombo vya kuoteshea mimea.)

Kuchimba kulikuwa ndiko kunakotisha. Ukiwa na nyumba ya zamani juu ya mteremko huwezi kubomoa ukuta wote kwa mkupuo; udongo wa juu ukikosa egemeo hata siku moja unaweza kukumbuka kwamba siku zote ulitaka kushuka. Fundi aliugawa vipande vitatu vya mita 3. Tukaanza na cha kwanza na cha tatu, udongo umekingwa kwa mbao na magogo, cha katikati bado kinasimama na tumbo lake. Kila usiku nilikuwa naamka kusikiliza. Hakuna sauti mbaya kama ya kijiwe kimoja kinachobingirika gizani.

Siku ya zege. Gari haliwezi kufika nyuma, kwa hiyo kila kitu kilipita ubavuni mwa nyumba kwa toroli, juu ya mbao zilizotandikwa, mmoja anashika mikono na mwingine anavuta kamba kwa nyuma lisimkimbie. Ukijumlisha msingi na ukuta wenyewe ni mita za ujazo 6.5 hivi, na mita moja ya ujazo ya zege ina kilo kama 2,400. Piga hesabu, tani 15 na ushee, toroli kwa toroli, kwa awamu. Wenyewe wanasema zege halilali, na sasa najua si msemo wa mzaha. Ukishaanza kipande unakimaliza, mvua, jua, njaa, ugomvi.

Ugomvi ulikuja saa nane mchana. Mchanganyiko ulikuwa saruji moja, mchanga moja na nusu, kokoto tatu, na maji lita 25 zisizidi kwa mfuko wa kilo 50. Zege la namna hiyo halitiririki, linasukumwa. Kijana wa toroli, mgongo umeshamuuma, akachota ndoo nyingine.

"Fundi, kidogo tu, liteleze."

"Weka chini."

"Nusu ndoo, mzee wangu."

Fundi hakupandisha sauti. Alichukua konzi ya mchanga kutoka kwenye lundo, akaiminya mbele yake, akafungua mkono. Donge likabaki limeshikana na alama za vidole vyake. "Huu mchanga umenyeshewa. Maji yako unayotaka kuongeza yameshaingia humu. Kwa hiyo leo hata hizo 25 tunapunguza." Akapunguza. Kijana akanuna hadi jioni, na simlaumu. Saruji inakula sehemu tu ya maji yale ili igande. Yanayozidi yanakaa humo, siku yakiondoka yanaacha vinjia vidogo visivyoonekana, na kupitia humo unyevu unafika kwenye nondo. Nondo ikipata kutu inavimba na kulipasua zege kutoka ndani. Ndiyo maana pia wanaweka vile vijiwe vya zege wanavyoviita biskuti, ili nondo zisiguse mbao. Kwetu zilikaa milimita 50 ndani. Nusu ndoo ya mchana mmoja ingekuja kuonekana miaka 20 baadaye, kijana yule akiwa keshasahau hata njia ya kwetu.

Baada ya hapo kazi ikawa yangu. Magunia yaliyolowa, asubuhi na jioni, siku saba kwa kila kipande. Nilikuwa naamini zege hukauka. Halikauki, linaganda, na kuganda kunataka maji. Likikauka mapema linabaki nusu. Nyuma hatukujaza udongo hadi siku 28 zilipotimia.

Na kujaza kwenyewe kulichukua muda mrefu kuliko kumwaga zege, jambo lililonishangaza. Kwanza bomba lenye matundu chini kabisa, likiteremka sentimita moja kila mita. Kisha kokoto tupu, unene wa sentimita 30, kutoka chini hadi karibu na juu. Kati ya kokoto na udongo, kitambaa cha kuchujia, maji yapite na matope yabaki. Ndani ya ukuta wenyewe kuna mabomba mafupi ya milimita 75, kila mita moja na nusu, sita kwa jumla. Bomba la paa likahamishwa, sasa lina njia yake hadi chini ya mteremko. Nilikuwa nalipia vitu ambavyo hakuna atakayeviona. Majirani waliosimama kutazama walisifu mbao zilivyonyooka.

Sakafu ya uwanja ilikuwa rahisi. Sentimita 10, ikiinamia mbali na nyumba sentimita 2 kila mita, na kati yake na nyumba wakaacha upenyo wenye kitu laini ndani, kwa sababu nyumba ya zamani na zege jipya havitembei kwa mwendo mmoja. Walipoikata mistari kila mita mbili na nusu nilihuzunika, imetoka kupendeza. Fundi akaniambia itapasuka tu, sisi tunachagua wapi. Nikataka basi, maadamu saruji imebaki, wapige lipu kwenye msingi wa nyumba pia. Ni wa mawe na chokaa, unamomonyoka kidogo. Akanitazama muda mrefu. "Dada. Tena?" Nikanyamaza. Utajazwa kwa chokaa, msimu wa kiangazi, kama ulivyojengwa. Na ufa wa chumbani hatujaugusa. Alisema tuuache mzunguko mmoja wa mvua tuone kama udongo wa kona umetulia. Kistari cha nne, cha wiki iliyopita, kimeangukia juu ya kile cha tatu.

Kuna kitu kimoja nilichokipoteza na sikukitarajia. Ngazi za kushukia bustanini alizijenga baba kwa mkono wake, kumi na moja, na ya saba ilikuwa imezidi wenzake kwa sentimita 4. Kila mgeni alijikwaa pale. Sisi wa nyumbani miguu ilikuwa inajua. Ngazi mpya zimepimwa, zote sawa, na zimepigwa ufagio juu kabla hazijaganda ili zisiteleze. Ni nzuri, sina la kulalamikia. Lakini nikipanda usiku bila taa, nikifika pale, mguu wangu unanyanyuka juu kupita kiasi na kukanyaga hewa.

Mawe yake hayakutupwa. Yamepangwa mferejini pale bomba la paa linapoishia, makavu, bila saruji. Niliwasimamia mwenyewe.

Jana usiku mvua ya kwanza ya maana ikanyesha tangu tujaze udongo. Nilivaa mabuti, nikachukua tochi, nikashuka kwa zile ngazi kuhesabu mabomba. La kwanza linatoka. La pili, la tatu, vizuri. La nne kavu. La tano linatoka, la sita linatoka kama uzi. Nikarudi la nne, nikamulika ndani, giza. Nilisimama mvuani nikiwaza mambo yote mabaya ninayoyajua sasa na ambayo mwaka jana sikuyajua. Nikampigia fundi, saa nne usiku, nikaomba radhi kwanza.

"La nne? Chokoa," akasema, sauti ya usingizi. "Kile kipande cha nondo kipo chini ya ngazi."

Nikachokoa. Kitu laini kikarudi nyuma, kikagoma, nikakipindisha, nikakivuta kwa vidole: karatasi ya mfuko wa saruji, imekunjwa donge. Kijana alikuwa ameitia siku ya zege ili bomba lisizibe, kisha akasahau kuitoa. Sijamaliza kuitazama vizuri maji yakanijia, ya baridi, na mchanga kidogo, yakapanda hadi ndani ya mkono wa sweta.