Miaka 99 shuleni

Wanafunzi wa uzamivu huniuliza nilifikaje kwenye uprofesa wa uchumi, wakitarajia niwachoree ramani. Ramani sina. Nina aibu moja kubwa, nayo ndiyo imenilisha mpaka leo.

Nilipoanza tasnifu niliambiwa, tena kwa sauti ya mtu anayekufanyia hisani: shika nadharia na hesabu nzito, mambo ya dodoso waachie watu wa takwimu. Nikatii. Nikachukua data ya kaya iliyokusanywa na wengine, nikapima mwaka mmoja wa shule unaongeza mshahara kwa kiasi gani. Jibu likaja: karibu sifuri. Nililala nikicheka! Tangu mchumi Jacob Mincer atoe mlinganyo wake wa mishahara mwaka 1974, watafiti wamekuwa wakiona elimu inalipa, nchi baada ya nchi. Mimi nimeona hailipi. Nikatunga nadharia tatu za kueleza sababu, na moja ilikuwa tamu mno, hadi leo inaniuma kuitupa.

Siku ya semina nikaingia nimevaa kama bibi harusi. Slaidi arobaini. Kufika ya thelathini hivi, mzee mmoja ambaye kwa kawaida husinzia akanyoosha kidole: "Binti yangu, humo ndani aliyesoma zaidi amesoma miaka mingapi?" Nikafungua faili kwa madaha, mbele ya watu wote. 99.

Kumbe 99 ilikuwa alama ya "hajui". Wasiojua wamesoma miaka mingapi, wengi wao wenye kipato kidogo, nilikuwa nimewapa kisomo kuliko kila profesa aliyekaa ukumbini. Nilipowaondoa, elimu ikaanza kulipa vilevile kama kwa Mincer, na mwaka wangu mmoja na nusu ukaenda na maji.

Lakini swali likabaki kooni. Hao waliotaja namba ya kawaida, je, wanakumbuka kweli? Nikaenda kukaa pembeni ya wadodosaji (kazi niliyoambiwa hainifai). Ukimuuliza mtu umri, majibu yanarundikana kwenye 30, 35, 40. Ukimuuliza matumizi ya mwezi, anatazama dari kisha anataja namba ya mviringo. Si mambo madogo haya. Utafiti wa kaya wa India wa 1999–2000 ulibadilisha vipindi ambavyo watu huulizwa kukumbuka matumizi yao, siku 7 na siku 30, na wachumi wakabishana miaka kadhaa kama umaskini ulipungua kweli kiasi kile. Hapo ndipo nilipojenga kibanda changu cha utafiti, na sijahama.

Mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki: hizo ni makala na subira, hazina hadithi. Makala ya kwanza ilikataliwa mara nne. Nilijifariji na mchumi George Akerlof, ambaye ile yake ya soko la magari yaliyotumika ilikataliwa na majarida matatu, ikachapishwa 1970, naye akapata Nobeli 2001. Basi kwa kukataliwa nimemshinda.

Siku hizi, kabla sijatuma makala popote, namkabidhi mwanafunzi data ghafi, bila programu yangu hata mstari mmoja, ajenge majedwali yote upya. Wenzangu wanasema napoteza muda. Juzi mmoja akabisha hodi ofisini, ana wasiwasi usoni: "Profesa, samahani, kuna mama hapa ana watoto 98."

Makala imechelewa miezi kadhaa. Nimemwandika mwandishi mwenza.