Siku Moja Kazini: Shomoro wa Nyumbani na Shomoro wa Mitini

Saa 11:00 alfajiri. Nyavu za kunasia ndege zinatandazwa kabla jua halijachomoza, pembezoni mwa shamba linalopakana na mazizi. Penye mazizi na mashamba, Ulaya na sehemu nyingi za Asia, shomoro wa nyumbani (Passer domesticus) na shomoro wa mitini (Passer montanus) hula pamoja, na hapo ndipo wengi huwachanganya.

Saa 12:15 asubuhi. Wa kwanza amenasa. Anza kunasua miguu, kisha mabawa, kichwa mwisho. Usikimbilie rangi ya kahawia kichwani, maana dume wa nyumbani anayo pia, ila kwake inapita pembeni na utosi ni wa kijivu. Tazama shavu. Likiwa jeupe lenye doa jeusi katikati, huyo ni shomoro wa mitini. Utosi wake wote ni kahawia iliyokolea, na doa la kooni ni dogo. Koo la dume wa nyumbani huhadaa: baada ya kunyonyoka, ncha za kijivu za manyoya mapya hufunika weusi, nao hutokeza zikilika kuelekea majira ya kuzaliana.

Saa 1:30. Mizani na rula. Wa mitini ana gramu 24 hivi na bawa la milimita 70. Mwenzake hukaribia gramu 30 na milimita 77. Toa uzito wa mfuko anamopimiwa ndege! Ukisahau, wa mitini anageuka wa nyumbani kwenye daftari.

Saa 3:00. Majike. Wa nyumbani hana weusi kooni, ana mstari hafifu nyuma ya jicho. Wa mitini, jike na dume hawatofautiani kwa rangi. Hata kinda lake lina kivuli cha doa shavuni.

Saa 5:00. Joto linapanda, nyavu zinafungwa.

Saa 9:00 alasiri. Masanduku ya viota. Tundu la kuingilia la milimita 28 humpitisha wa mitini, humzuia wa nyumbani. Likifika 32 wa nyumbani huingia, na kwa ukubwa wake humtimua mwenzake. Makinda yakikaribia kuruka, usifungue: yatatoka kabla ya wakati.

Saa 11:30 jioni. Kuhesabu kwa darubini kwenye ua wa miti. Wa mitini akiruka hulia “tek-tek” kavu. Ambaye shavu lake halikuonekana wala sauti haikusikika, andika “shomoro” tu, bila kumbahatisha.