Nilivyompata mtu wa kusimamia intraneti ya kampuni yetu

Sisi ni kampuni ya usambazaji, ofisi kuu iko Dar, maghala Mwanza, Mbeya na Arusha, na mimi niko HR. Bosi alivyokubali tufungue intraneti, yaani tovuti ya ndani ya wafanyakazi tu, akaniambia nitafutie mtu wa kuiongoza, basi, sifa hakutaja. Ofisini kila mtu alijua ni jamaa wa IT, na mwenyewe alishaanza kuongea kama vile barua anayo mfukoni.

Mi nikaanza kwa kujiuliza shida yetu hasa ni nini, maana mfumo haukuwa shida. Tuna Microsoft 365, na SharePoint, sehemu yake ya kutengenezea kurasa na kuweka mafaili ya ofisi, imo humohumo kwenye leseni tunayolipia kila mwezi, hamna tu aliyekuwa anaigusa. Shida iko kwenye grupu la WhatsApp la wafanyakazi, haipiti wiki mtu hajauliza jamani nani ana fomu ya likizo, watu wanajitolea kutuma na kila mmoja anatuma ya kwake, moja ina nembo ya zamani, nyingine imeandikwa likizo siku 21 wakati sheria ya ajira ya 2004 inataka zisipungue 28. Yaani mafaili yapo kibao, ila hamna anayejua lipi ndo lenyewe na nani ana mamlaka ya kulifuta la zamani.

Wa kufikiria walikuwa watatu, huyo wa IT, kijana mmoja wa masoko na dada wa utawala ghala la Mwanza. Usaili sikufanya. Niliwapa kazi moja wote: niletee utaratibu wa safari za kikazi na posho unaotumika leo, na uniambie mwenye huo utaratibu ni nani.

Wa IT akaleta ulinganisho wa mifumo, kazi nzuri kwa kweli, na anapendekeza tununue mfumo mwingine wa kulipia kwa kila kichwa. Utaratibu wa posho haumo. Nikamkumbusha Meta, wenye Facebook, walivyotangaza Mei 2024 kwamba wanaifunga Workplace, mtandao wao wa maofisini, kampuni zilizoweka kila kitu chao humo ikabidi zianze kuhama, sa mfumo ukifa kiongozi aliyechaguliwa kwa kuujua huo mfumo anabaki anaongoza nini? Kijana wa masoko alileta ukurasa unang'aa, picha ya bosi inapita juu, ukibonyeza "Posho" hauendi popote.

Dada wa Mwanza hakuleta ukurasa wowote. Aliniandikia barua pepe kwamba fedha wana viwango vyao, maghala yanatumia vingine, mkuu wa fedha anasema vyake ndo sahihi ila havijasainiwa, ameshampigia, kaambiwa subiri, "je nimfuate tena au utaongea naye wewe?" Nilicheka peke yangu, nikajua nimeshampata.

Huyu dada hata kabla ya hapo madereva walikuwa wanampigia yeye kuuliza mambo ambayo si ya kwake, na wakuu wa idara anawasumbua kwa adabu zote, shikamoo mzee, lile faili vipi, kesho tena shikamoo mzee. Bosi akagoma kidogo, mbona yuko mbali, mbona hata kutengeneza kurasa hajui. Nikamwambia kurasa atafundishwa, na umbali ndo faida yenyewe, akikaa Dar intraneti itakuwa ya Dar.

Hapa ndo nilipokaza. Nilitaka barua ya uteuzi isainiwe na bosi, nakala iende kwa wakuu wa idara wote, na zile kazi zake za stakabadhi za ghala apewe mtu mwingine rasmi, sio ule mtindo wa "utasaidia na hili pia" halafu mtu anafanya intraneti usiku. Na kabla haijatangazwa nilikaa na jamaa wa IT, chai mbili tatu, tukakubaliana ruhusa za kuingia na bakapu zinabaki kwake. Alinuna siku kadhaa, ila asingeambiwa kwanza tungekuwa tunaomba paswodi mpaka leo.

Faida tuliiona mapema. Mtu alitaka kupandisha folda la vitambulisho vya NIDA vya wafanyakazi wote "ili iwe rahisi", dada akauliza nani ataona, na kwa nini wote waone, akalikataa. Ile Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika toka Mei 2023, wengi tunaisikia tu redioni.

Sasa hivi kila ukurasa una jina la mwenyewe chini na tarehe ya kuupitia tena, fedha wamesaini viwango (walifuatwa sana), na madereva tumewachukulia leseni za Microsoft za F1, zile za bei nafuu za wafanyakazi wasiokaa ofisini, wanaingia kwa simu. Ukurasa unaofunguliwa kuliko yote ni ratiba ya magari yanayorudi Dar, watu wanatafuta pa kuwekea magunia yao ya mchele.