Kaa wa Ukurasa wa 187

Maalim hakukubali hata siku moja kwamba kaa la moto na kaa wa pwani hutamkwa sawa. Huyu wa pwani, Maalim akisema, ana pumzi. Weka kiganja mbele ya mdomo, litaje jina lake, utahisi upepo ukikugonga. Paa la nyumba na paa wa mwituni hali kadhalika. Vitabu vya shule huyaandika yote namna moja, na jambo hilo lilimkera miaka na miaka, mpaka alipostaafu akakaa kitako kuyakusanya maneno ya Kimvita, lahaja ya Mombasa, katika madaftari. Madaftari hayo ndiyo aliyoniletea mimi, kijana wa kupanga kurasa katika kijiduka cha uchapaji, uchochoroni nyuma ya Ndia Kuu, Mji wa Kale.

Pumzi aliionyesha kwa ritifaa: k'aa, p'aa. Programu niliyotumia ilikuwa na kiherehere; kila ritifaa iliyoiona iliigeuza ikawa alama iliyopinda, ya kufungia usemi. Nilirekebisha moja moja kwa siku mbili nzima kabla ya kugundua kwamba tabia hiyo huzimwa kwa kubonyeza mahali pamoja. Sikumwambia mtu.

Kitabu kilifika kurasa 416, yaani vipande 26 vya kurasa 16, kimekaa sawasawa kwenye mashine bila karatasi kupotea. Nilijivunia hesabu hiyo. Nilichojivunia zaidi ni herufi kubwa zinazofungua mafungu ya maneno yenye pumzi: P', T', K' na CH'. Nilizitoa katika mwandiko wa Maalim mwenyewe, nikaziskani, nikazitia ndani ya fonti ya kitabu. Alipoziona kwenye skrini alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. "Huu mkono wangu," akasema.

Ilikuwa Ramadhani ya 2009. Mvua zilikuwa zimekosekana, mabwawa ya mto Tana yameshuka, na stima ikawa ya mgao. Duka lilikuwa na betri ya akiba ya kutosha kuseva faili na kuzima kompyuta kwa adabu, basi. Kwa hiyo nilifanya kazi usiku. Nikitoka tarawehe napitia uji wa pilipili manga na kaimati mbili tatu, nafungua duka, najifungia na pangaboi. Mjini watu walikuwa wakizungumzia TEAMS, waya wa intaneti wa chini ya bahari uliofika pwani yetu mwezi wa Juni, kwamba mtandao sasa utakwenda kama risasi. Kwetu ulikuwa bado unatambaa, kwa hiyo usidhani palikuwa na mtu wa kumuuliza huko.

Ugonjwa ulianza katikati ya kitabu. Nateremka kurasa, mshale unageuka saa ya mchanga, skrini inaganda, halafu dirisha zima linatoweka kama halikuwapo. Hakuna neno la onyo. Nafungua tena, natoa PDF ya kupeleka matbaa, inakwenda kidogo na kuanguka. Nilipomaliza kutengeneza ukurasa wa Yaliyomo mambo yakazidi: sasa ilianguka hata mwanzoni. Mara mbele, mara kati. Kitu kisicho na mahali maalumu humfanya mtu ashuku kila kitu.

Nami nilishuku kila kitu. Kwanza stima: kompyuta iliyokatwa ghafla mara ngapi itakosaje kuugua? Kisha memori, giga moja tu. Kisha diski, maana programu za namna hii huandika mafaili ya muda kila zinapopumua, na folda ya muda ilikuwa imefura, nikaisafisha. Nikafuta faili la mipangilio ili programu ijijenge upya kama iliyosakinishwa jana. Nikabadilisha printa iliyochaguliwa, kwa sababu niliwahi kuona printa mbovu ikiangusha programu nzima hata kama huprinti kitu. Picha za majahazi nilizokuwa nimezibandika moja kwa moja nikazitoa, nikaziunga kutoka nje ili zisilemee faili. Halafu nikaseva kwa jina jipya. Ukiseva kawaida, programu ile ilikuwa ikiongeza mabadiliko mkiani bila kuondoa ya zamani. Ukiipa jina jipya huandika faili upya, takataka zote zikabaki nyuma. Faili likapungua zaidi ya nusu. Nikashangilia peke yangu.

Ikaanguka.

Hapo tena ikabaki njia ya mafundi, ya kukata nusu. Unatengeneza nakala, unafuta nusu ya kurasa, unajaribu kutoa PDF. Ikipita, mchawi yumo katika nusu uliyoifuta. Ikianguka, unaye mkononi, kata tena. Kurasa 416 hazihitaji zaidi ya mikato tisa kufika ukurasa mmoja, ikiwa mchawi ni mmoja.

Kuanzia 209 hadi 416: ikapita, laini kama siagi. 1 hadi 208: chali. Vizuri. 1 hadi 104: chali. Vizuri zaidi! Kwa kujiridhisha tu nikajaribu na 105 hadi 208, ambayo kwa hesabu ilitakiwa ipite. Chali.

Nakumbuka nilivyokaa nikiitazama ile skrini, mpiga daku akipita uchochoroni na debe lake. Ikiwa nusu zote mbili zinaanguka, basi kosa halimo katika kitabu, limo katika mashine, na mashine siyo yangu na sina pesa za nyingine. Nikafunga duka, nikaenda kula daku bila hamu.

Siku iliyofuata stima haikuwepo kutwa. Maalim akaja baada ya alasiri, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, tasbihi mkononi.

"Mbona wanuna?"

"Kitabu chakataa kumalizika, Maalim."

"Chakataa wapi?"

Hilo swali ndilo nililokuwa sijalijibu. Nilisema "mahali pawili" kwa kumridhisha tu, halafu nikajisikia. Mahali pawili. Sasa nani alisema mchawi lazima awe mmoja?

Usiku huo nilizifuata nusu zote mbili, kila moja peke yake. Ile ya kwanza: 52, 26, 13, nikaja chini mpaka ikabaki ukurasa wa 5. Ile ya pili ikanipeleka 187. Kila jaribio lilichukua dakika kumi na kitu, kufungua, kufuta, kungoja, kuanguka, kufungua tena. Nikaprinti kurasa za jirani, hizo mbili zikanikatalia, basi nikaziandika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi. Ukurasa wa 5, Yaliyomo. Ukurasa wa 187, mwanzo wa K', na neno la kwanza ni k'aa. Katika Yaliyomo pia nilikuwa nimeweka K' ile ile, ndogo, kwa urembo.

P' na T' na CH' zilikuwamo kwenye Yaliyomo vilevile. Nikazifuta, ikaanguka. Nikazirudisha nikafuta K' peke yake. Ikapita.

Nikaifungua fonti katika programu ya kuchorea herufi. Herufi ya kawaida ina nukta chache tu zinazoshika mstari wake. Ya K' zilikuwa maelfu, zimebanana kama sisimizi juu ya sukari. Nikavuta karibu. Kila chembe ya karatasi ya daftari, kila mahali wino ulipopenya, kila alama ya kidole, vyote vilikuwa vimegeuzwa umbo, na programu ilikuwa ikijaribu kuyachora yote kila inapofika hapo. Zile tatu nyingine nilizichora kwa mkono, nukta kwa nukta, siku nikiwa na nguvu. K' niliifikia mwisho, usiku, macho yamechoka, nikaiachia kompyuta iifuate skani yenyewe, nikaenda kulala.

Si stima, si memori, wala majahazi ya watu.

Nikaiondoa, nikaweka K ya kawaida na ritifaa yake. PDF ya kurasa 416 ikatoka mara moja, nami nikaitazama ile asilimia ikipanda bila kupepesa.

Nakala ya mwisho nilimpelekea barazani kwake, Idi imebaki siku chache, matbaa wakingoja kutengeneza pleti za kuchapia asubuhi ya pili. Alifungua kurasa taratibu mpaka 187, akasita.

"Herufi yangu i wapi?"

"Mashine imeikataa, Maalim."

Akainua kiganja mbele ya mdomo, akasema "k'aa" kwa sauti ndogo, kama anayeijaribu. Akanitazama kidogo.

"Basi zitoe na zile tatu. Moja ikitoka, zilobaki zitaonekana za mzaha."

Nikarudi dukani nikazitoa, P' na T' na CH', zisizo na kosa lolote. Kuichora K' upya kwa mkono kungenichukua saa moja.