Istilahi za fasihi: anza na mdomo wako, daftari baadaye

Likizo ikifika tu sebule yangu inageuka darasa. Mpwa wangu yuko kidato cha tatu na mimi anti yake ndio tuisheni ya bure, kwa hivyo safari hii kaja na daftari limejaa istilahi za fasihi, tashbihi, istiari, jazanda, chuku, balagha, sadfa, taharuki, majazi, kila moja na maana yake pembeni na zote kazikariri barabara. Ukimuuliza jazanda ni nini anakutiririshia kama kasuku. Sasa mpe aya moja umwambie atafute jazanda humo ndani, kimyaaa.

Na wala simlaumu, ni vile wengi wanafundishwa, maana kwanza halafu mfano ukibaki muda. Mi naona ingekuwa kinyume kabisa, kwa sababu hizi mbinu watoto wanazitumia kutwa nzima, ni vile tu hawajui kwamba zina majina. Nikamwambia funga hilo daftari, huko shuleni mwalimu wa zamu mkali mnamsemaje? Akacheka. Haya, ukisema "mwalimu ni mkali kama simba" hapo umefananisha na "kama" iko wazi, hiyo tashbihi. Ukisema "mwalimu wa zamu ni simba" umeondoa kama, umemfanya yeye ndiye simba, hiyo istiari. Lakini mwenzako akikimbia bwenini akisema "simba yuko geti, pitieni nyuma ya jikoni", mwalimu hajatajwa hata kidogo, simba amesimama badala yake na asiyejua mambo ya shule yenu atadhani kuna mnyama kweli. Hiyo ndiyo jazanda. Hazikumchukua muda, na bado anazikumbuka mpaka leo.

Tukaendelea hivyo hivyo. "Nimekungoja hapa stegi miaka mia", umetia chumvi, hiyo chuku. Mtu kafika saa tano kwa mkutano wa saa tatu halafu unamwambia "karibu, leo umewahi kweli", kejeli. Na balagha je? Hiyo kila mzazi Kenya ni bingwa, mtoto akiomba pesa ya ziada, "kwani mimi ni benki?" Hakuna anayesubiri jibu hapo, ujaribu kujibu uone.

Sasa kuna wale wanaosema haya majina ni ya kusumbua watoto tu, bora mtu afurahie hadithi. Mi sikubaliani nao. Bila jina mtoto anabaki na "mwandishi ametumia lugha tamu" na hiyo haimpi alama popote. Ila jina peke yake pia halitoshi, na hapa ndipo wengi wanaangukia. Anaandika "tashihisi" (kitu kufanya mambo ya mtu), anaweka nukta, anaenda swali lingine. Taja mbinu, nukuu maneno yenyewe, halafu sema inafanya kazi gani pale, inachekesha, inatisha, inamfanya mhusika aonekane mdogo, nini. Swali likisema taja, taja tu usijaze karatasi, likisema eleza au fafanua basi mfano na maelezo ni lazima. Na dondoo, yaani maneno yaliyonukuliwa kitabuni, wakikuambia eleza muktadha, kwa kawaida alama nne, wanataka nani anasema, anamwambia nani, wapi na kwa nini, usianze kusimulia kitabu kizima.

Ushairi ndio ulimtoa jasho. Nikaona badala ya kuchukua shairi la mtu nitunge ubeti hapo hapo mezani, nilikuwa nimetoka sokoni na hasira zangu:

Sokoni nilipofika, nyanya zaniangalia,
Kitunguu kinacheka, bei kimejipandia,
Unga umeadimika, mafuta yatukimbia,
Mfukoni nimeshika, mia naing'ang'ania.

Usiniambie ni shairi baya, najua bei za vitunguu. Mishororo, yaani mistari, ni minne, kwa hivyo tarbia. Kila mshororo una vipande viwili, cha kwanza ukwapi na cha pili utao, na kila kipande mizani nane, yaani silabi nane. Kina ni ile sauti inayojirudia mwishoni mwa vipande, cha kati ni ka na cha mwisho ni a. Hesabu kwa vidole sasa, m-fu-ko-ni-ni-me-shi-ka, nane. Yeye akapata saba kwa sababu aliiruka ile m ya mwanzo, kumbe m ya mfukoni inatamkwa peke yake na ni mizani kamili. Halafu kwa "yatukimbia" akataka kuihesabu m peke yake tena! Hapana, pale mb imeshikana na i, ya-tu-ki-mbi-a, tano basi. Dawa ni kusoma kwa sauti, macho yatakudanganya.

Na ona pia "zaniangalia", kwa kawaida tungesema zinaniangalia, nimelifupisha neno ili mizani isizidi, hiyo inkisari. "Mfukoni nimeshika" nimepindua mpangilio ili nipate ka pale kati, hiyo kuboronga sarufi. Nyanya kuangalia na kitunguu kucheka ni tashihisi, wengine wanaita uhuishaji. Mstari wa mwisho ni kituo au kimalizio, ungekuwa unarudiwa kila ubeti ndio ungeitwa kibwagizo. Nikamwambia haya yote anayakariri kwa daftari mwezi mzima na yako kwa mistari minne ya hasira za sokoni.

Ufahamu nitasema kidogo tu, alama kumi na tano kwenye karatasi ya pili ya mtihani wa Kiswahili na watu wanazidharau. Ukiona "kwa mujibu wa taarifa" maoni yako weka mfukoni, jibu liko mle mle kwenye kifungu. Na ile ya "eleza maana ya maneno kama yalivyotumika" jaribu kuchomeka jibu lako kwenye sentensi uone kama linakaa. Kama taarifa inasema bei zilikuwa moto na wewe umeandika joto kali, hebu soma tena, eti bei zilikuwa joto kali. Na neno likiwa wakati uliopita jibu pia liwe hivyo, "alitoroka" huwezi kuleta "kukimbia".

Jambo lingine, ukitafuta masomo ya video utakutana sana na walimu wa Tanzania, wako vizuri sana, ila wao chuku wanaita mubalagha. Ni kitu kile kile. Tazama, elewa, halafu kwa mtihani andika jina lile mwalimu wako anatumia.