Siku moja na detekta mashambani Tabora, na kwa mnaouliza, hapana, sijapata mali ya Mjerumani inayosemwa imefukiwa huku

Saa 11 alfajiri nishaamka, maana jua la Tabora likishapanda kule shambani hakuna hata pa kujibanza. Kitu cha kwanza naangalia betri za mashine kama zimejaa, umeme ulikatika usiku ukarudi ukakatika tena, bahati nzuri zimejaa. Kwa wasionijua, mimi zamani nilikuwa natembeza detekta (mashine ya kusikia vyuma vilivyo ardhini) upande wa Nzega kutafuta dhahabu ya juu juu, siku hizi ni kibarua kwenye timu ya watafiti wa mambo ya kale wanaozunguka mashamba ya nje ya mji kufuatilia njia za misafara ya biashara ya zamani na vita ya Wabelgiji na Wajerumani ya 1916. Mashine ni ile ile, tofauti ni kwamba sasa hivi nikipata kitu hakiingii mfukoni.

Saa 12 chai ya rangi na matobolwa na karanga, halafu bodaboda. Mashine naivua koili, lile duara la chini linalosikia, naitia kwenye kiroba, kwa sababu watu wakiiona tu njiani inakuwa msafara.

Saa 1 asubuhi tunapita kwanza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tunasaini kitabu cha wageni, Daktari, yaani mtafiti wetu wa mambo ya kale, anatoa kibali na barua, zinasomwa zote mpaka mhuri. Inachosha lakini ndiyo utaratibu. Sheria ya Mambo ya Kale ni ya 1964, kitu kilichotengenezwa na binadamu kabla ya 1863 kinahesabika malikale na huwezi kujichimbia tu kutafuta vitu hivyo bila leseni. Kwa hiyo we kijana uliyeniandikia inboksi unataka kununua detekta uje utajirike, tulia kwanza.

Tukitoka hapo ni kwa bibi mwenye shamba. "Mwangaluka, bibi." Kaitikia, katuangalia viatu, kasema haya ingieni ila mtakayofukua mfukie, na mkinibomolea matuta mtayainua wenyewe. Kapitisha plau la maksai juzi baada ya mvua, na hiyo ndiyo hali tunayoitaka, udongo umegeuzwa na bado una unyevu, mashine inasikia vizuri zaidi kuliko kwenye udongo mkavu. Halafu ile tabaka inayopigwa na plau kila mwaka ishachanganyika, ukitoa kitu humo huharibu mpangilio wowote, ila ukifika chini yake kwenye udongo ambao haujaguswa unasimama unamwita Daktari, huendelei hata kama mashine inapiga kelele namna gani.

Saa 2 tunaanza. Tumevuta kamba, kila mtu na mstari wake, simu nimeiacha kwenye begi maana inaingiliana na mashine. Naiweka sawa na ardhi kwanza, hapa kuna changarawe nyekundu yenye chuma ndani yake na usipoirekebisha italia mwanzo mwisho. Halafu ni kutembea polepole, koili chini karibu na udongo, usiinyanyue mwisho wa mkono kama unafyeka majani, na kila ukipitisha unarudia kidogo ulipotoka kupita. Chuma kinatoa sauti ya kukwaruza. Shaba na fedha zinatoa sauti safi, na ukizunguka ukaipitia kutoka upande mwingine inabaki ile ile. Shida ni kwamba vifuniko vya alumini navyo vina sauti tamu balaa, vinakudanganya ukiwa umeshapiga magoti.

Saa 3 mpaka saa 5 kasoro ni takataka tupu, niseme ukweli. Vizibo vya soda, misumari, kipande cha jembe, spoku za baiskeli (huu ndio mji wa baiskeli jamani), kipande cha bati, betri ya redio iliyooza. Vyote tunafukua, maana ukianza kubagua kwa kuchoka ndipo unapoacha cha maana. Katikati ya takataka nikapata maganda mawili ya risasi, mita chache toka moja hadi lingine. Septemba 1916 Wabelgiji na askari wao wa Kongo walipigana na Wajerumani huku, Lulanguru na Itaga, wakaingia mjini tarehe 19. Ganda moja peke yake halikwambii kitu, ila ukipiga pointi za GPS ukaziona kwenye ramani zimejipanga mstari, hapo unajua askari walilala kifudifudi wapi wakipiga bunduki zao. Ndiyo maana mtu akiokota akapeleka nyumbani ananiuma roho, kabeba shaba kaacha habari. Risasi nzima ambayo haijalia hatuigusi, tunaweka alama tunasogea, polisi wanaitwa.

Saa 5 na robo sauti safi, fupi, haitikisiki. Nikakata udongo pembeni, siyo juu yake, nikanyanyua bonge nikalipasua kwa mkono. Duara, kahawia yenye ukijani, kubwa kiasi. Hapo kidole kinawasha kusugua, usisugue! Ukisugua mchanga unakwangua maandishi na hayarudi. Nikaiacha kwenye kiganja, Daktari akadondoshea maji kidogo, taratibu ikaonekana taji, chini D.O.A. (Deutsch-Ostafrika, Afrika Mashariki ya Kijerumani), 1916, halafu herufi T ya Tabora. Heller 20 ya Tabora, hela ndogo ya enzi za Mjerumani! Bahari ilikuwa imefungwa na manowari za Waingereza, sarafu kutoka Ujerumani haziji, basi wakazigonga hapa hapa kwa mashine za reli, kwa shaba waliyokuwa nayo ikiwemo ya maganda ya risasi. Ukiishika unaona kazi ya haraka, pembeni haijakaa sawa, nusu ya shada la upande wa pili haijagongwa vizuri. Mimi naipenda kuliko zile rupia nzuri zenye kichwa cha Kaiser, ile ililetwa na meli, hii ni ya hapa.

Na kuanzia hapo kazi ikaharibika, mtoto mmoja kaona, saa 6 uwanja umejaa. "Kaka, ndiyo ile ya tembo?" Ya tembo ipo kweli, rupia 15 ya dhahabu yenye picha ya tembo, nayo iligongwa Tabora 1916, dhahabu ya mgodi wa Sekenke, ziligongwa 16,000 hivi na siyo hii. Mwingine anauliza kama inavuta mchele, ule uongo wa matapeli kwamba sarafu ya thamani huvuta mchele. Mzee mmoja kwa sauti ya chini ananiambia anajua mti ambao Mjerumani alifukia masanduku. Mzee wangu, hawa watu walikuwa wanakimbia kuelekea kusini na wapagazi, dhahabu kidogo tu ina thamani kubwa, ndiyo kitu cha kubeba, wafukie ya nini? Kacheka lakini hajaamini, na naelewa, kuna watu wameuza ng'ombe wakanunua kipande cha shaba kwa matapeli.

Saa 7 chakula chini ya mwembe, ugali na nsansa ya karanga. Wanafunzi wana furaha kuliko mimi, wameokota kwa macho shanga za kioo nyekundu na vipande vya vyungu, vitu ambavyo detekta haivisikii kabisa. Mashine inajua metali tu, na misafara ilibeba shanga na nguo kuliko hela. Bibi kaja na senti 10 ya mkoloni, ile yenye tundu, ina kamba bado, alivaa utotoni. Kauliza bei. Nikamwambia bibi, hiyo hata kilo ya sukari haitoshi, akairudisha kwenye fundo la kanga akasema basi haiuzwi.

Mchana baada ya hapo msumari, msumari, kizibo. Saa 10 wingu limesimama tukafukia mashimo yote, tukainua tuta tulilokanyaga huku bibi kasimama na mikono kiunoni. Kila kitu kwenye kifuko chake, namba, pointi, kina, tarehe, na heller imeingia na udongo wake.

Saa 12 jioni niko nyumbani mgongo umekatika. Betri kwenye chaji. Upande wa bondeni haujaguswa na bibi kasema kesho kutwa anapanda karanga, kwa hiyo kesho lazima tuumalize, mvua inyeshe isinyeshe.