Asilimia 35 ya nani?

Kazi yangu ni kuandaa mishahara. Julai 2023, Sheria ya Fedha ilipoleta viwango vipya vya kodi ya mshahara hapa Kenya, asilimia 32.5 kwa kinachozidi 500,000 kwa mwezi na 35 kwa kinachozidi 800,000, niliwakuta wawili tu kwenye orodha yetu wanaoguswa. Mmoja alinifuata mezani, karatasi ya mshahara mkononi, kidole juu ya mstari wa kodi. "Hii umeirudia hesabu?" Mara tatu, mzee. Akaguna kwamba matajiri wote watahama nchi.

Matajiri gani? Mwenye kampuni hayumo hata kwenye hiyo orodha! Yeye hula gawio, yaani mgao wa faida ya kampuni, na gawio la mkazi hukatwa asilimia 5. Ploti zake zikipanda bei, kodi ya faida, asilimia 15, humngoja hadi siku atakapouza. Na hauzi.

Sikatai kwamba wapo wanaohama. Norway ilipopandisha kodi ya utajiri mwaka 2022, bilionea Kjell Inge Røkke alihamia Uswisi. Lakini ploti ya Kitengela haipandi ndege, jamani.

Mwezi uleule VAT ya mafuta, ile kodi inayoongezwa kwenye bei, iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Kijana wa boda anayenibeba hadi stejini akapandisha nauli, 50 ikawa 70. Hakuna aliyemuuliza kama naye atahama. Alifuta kiti kwa kitambaa, akaniambia, "Panda madam, tumechelewa."